Hesabu ya nane: mambo ya ulingoni ninayowafundisha watu wasiopigana (Nakuru)

KonaYaBuluu

Hamjambo wote.

Kila ndondi zinapotajwa humu, haipiti muda mtu anasema zinamfanya mtu awe mgumu, asiogope, asirudi nyuma. Nimenyamaza mara nyingi, leo naomba niseme. Nimepigana ngumi za ridhaa hapa Nakuru, kilo 60, na timu ya taifa sikuifikia. Sasa ni mwaka wa tano nafundisha watu mmoja mmoja, saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla hawajaenda kazini. Nina mama anayeuza mboga soko la Wakulima, nina karani, nina mwalimu mstaafu mwenye kisukari, nina vijana wawili wa bodaboda. Hakuna hata mmoja wao atakayepanda ulingoni. Wanakuja kwa sababu maisha yamewapiga na wanataka kujua mtu aliyepigwa anafanya nini.

Jibu la kwanza ninalowapa ni hesabu ya nane.

Kwa wasiojua: bondia wa ridhaa akiangushwa, refa anaanza kuhesabu. Akifika kumi, pigano limekwisha. Lakini hata ukisimama kwenye mbili, refa haruhusu pigano liendelee mpaka afike nane. Sekunde hizo ni zako kisheria, mpinzani amesimamishwa kona ya mbali na hawezi kukugusa. Bondia mchanga anazitupa. Anaruka juu kwenye tatu kwa sababu ya aibu, watu wanamwona, ndugu zake wako pale, anainua glavu kumwonyesha refa kwamba yuko sawa huku magoti ni maji. Dakika inayofuata anaanguka tena, na safari hii vibaya zaidi.

Kocha aliyenilea, mzee wa Bondeni, alikuwa akitupigia kelele kutoka chini: "Goti moja! Kaa hapo! Nitafute mimi kwanza!" Maana yake, ukishaweza kupiga goti, baki kwenye goti. Vuta pumzi. Tafuta uso wa mtu wa kona yako, si uso wa aliyekupiga. Inuka kwenye saba. Tulifanya zoezi hilo kila Jumamosi, kuanguka makusudi na kukaa chini, mpaka aibu ikatutoka mwilini.

Mwaka 2019 nilipoteza kazi. Nilikuwa na mshahara, watoto wawili shule, nyumba ya kupanga Kaptembwo, na mwajiri akatuita siku ya Ijumaa akatuambia tusirudi Jumatatu. Kufikia Jumanne nilikuwa nimechukua mikopo mitatu ya simu na nimenunua marobota ya nguo za mitumba. Sikumwambia mke wangu kwamba kazi imekwisha. Nilikuwa nimesimama kwenye tatu. Biashara yenyewe sikuijua, marobota mawili kati ya matatu yalikuwa makoti mazito na msimu wa baridi ulikuwa umepita, na riba haikungoja. Miezi minne baadaye nilikuwa na deni kubwa kuliko mshahara wangu wa nusu mwaka.

Yule kocha wangu mzee alinikuta nimekaa nje ya uwanja wa Afraha. Nilimweleza yote. Aliuliza swali moja tu: "Refa alikuwa amefika ngapi?"

Swali hilo ndilo ninalofundisha sasa. Mtu akija kwangu amefutwa kazi, ameachwa, amefiwa, ametapeliwa, hatuanzi na gunia la kupigia ngumi. Tunaanza na kutafuta hesabu yake iko ngapi, nani yuko kona yake, na ni jambo gani lazima lifanyike wiki hii na lipi linaweza kungoja refa amalize. Karo inaweza kuwa na tarehe. Kodi ina tarehe. Kuanzisha biashara mpya hakuna tarehe, aibu ndiyo inayokuambia ipo.

Nitaendelea na mengine kama mtapenda.

---

NduthiRhonda

Kocha shikamoo. Endelea. Mimi ni wa boda na hiyo ya kusimama kwenye tatu umenisema mimi bila kunijua.

---

NyarDunga

Ahsante kocha. Mimi niko Kisumu, nauza mbuta na omena, na nilianza ndondi nikiwa na miaka 34 baada ya mtoto wa pili. Sisi wasichana wa Nyanza tulikua tukimtazama Conjestina Achieng wa Siaya kwenye runinga, na 2012 wanawake waliporuhusiwa kupigana Olimpiki kwa mara ya kwanza, Elizabeth Andiego akawa Mkenya wa kwanza mwanamke kupanda ulingo huo kule London. Siku ile nilijua hii kitu ni yetu pia.

Niongeze jambo la kigoda, kile bondia anachokalia konani kati ya raundi. Raundi ni dakika 3, mapumziko ni dakika 1. Watu wanadhani ile dakika moja ni ya kocha kuongea. Kocha wangu hapa alinifundisha kinyume. Sekunde 20 za kwanza hakuna neno. Maji kidogo, kinga ya meno inatolewa, anakushika tumbo uhisi pumzi inaingia chini. Halafu anasema jambo MOJA. "Mkono wa kulia unashuka." Basi. Hasemi mambo matano kwa sababu bondia aliyechoka habebi mambo matano.

Nilibeba hiyo nyumbani. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na nilikuwa mama wa kumpokea mlangoni na orodha: viatu, vitabu, alama za hesabu, simu, yule rafiki yako. Sasa akiingia namwacha akae. Chai. Hakuna neno. Baadaye namwambia jambo moja na ninaliacha hapo. Amerudi kuniongelesha, kocha. Mwaka mzima alikuwa ananijibu kwa mabega tu.

---

KonaYaBuluu

NyarDunga dada yangu, umeniandikia somo zima. Hiyo ya sekunde 20 bila neno nitawasomea wanafunzi wangu kesho.

Niendelee basi, maana NduthiRhonda ameuliza. Marahaba kijana.

Asubuhi yetu inaanza na bandeji. Bandeji ya mkono ina urefu wa mita 4.5 hivi. Kidole gumba kwanza, kifundo cha mkono mara tatu, kiganja, kati ya vidole, juu ya mifupa ya ngumi, unarudi kwenye kifundo. Mwanafunzi mpya anataka nimfunge mimi ili tuanze haraka. Simfungi. Ajifunge mwenyewe, na akikosea afungue aanze upya, hata kama robo ya saa yetu inaishia hapo. Mama wa Wakulima alilia wiki ya kwanza, akaniambia hajawahi tangu aolewe kukaa dakika 10 akishughulikia mikono yake mwenyewe. Sasa anaitumia kufikiri: mkono wa kushoto, anapanga nani anamdai, mkono wa kulia, nani anadaiwa naye.

Halafu jabu, ile ngumi ya mbele. Kila mtu anataka kujifunza kuirusha. Mimi nafundisha kuirudisha. Mkono unatoka shavuni, unakwenda, na unarudi shavuni kwa njia ile ile, kwa kasi ile ile. Mkono ukienda na kushuka kiunoni, shavu lako liko wazi na atakayekupiga hahitaji kuwa hodari. Tunarudia mara mia kwa mkono mmoja. Nasema neno moja tu: nyumbani. Nyumbani. Nyumbani.

Yule mama alinielewa kabla sijamaliza sentensi. Alikuwa akiuza kwa mkopo mtaa mzima: sukuma ya huyu, nyanya za yule, "nitakulipa mwisho wa mwezi mama". Mikono yake yote ilikuwa imetoka na hakuna uliorudi. Tuliweka kanuni ya ulingoni, kwamba hakuna anayepewa mkopo wa pili kabla wa kwanza haujarudi nyumbani. Haijalishi ni jirani au ni wa kanisani. Alipoteza wateja wanne, na mmoja alimsema vibaya kwenye chama. Lakini kwa mara ya kwanza alinunua kiroba cha viazi kwa pesa yake, si kwa ya kukopa asubuhi na kurudisha jioni.

Jambo la tatu ni mizani. Bondia anapimwa uzani, na mizani haina urafiki. Gramu zikizidi, zimezidi. Kila mwanafunzi wangu ana daftari, na kila jioni anaandika kilichoingia na kilichotoka, hata ikiwa siku ilikuwa mbaya. Siku mbaya hasa. Wengi wanaacha hapa, na nakubali hapa ndipo ninapopoteza watu. Kupiga gunia kunafurahisha, kuandika kwamba umetumia 400 kwa kitu usichokikumbuka hakufurahishi. Sijapata njia ya kulifanya tamu, na sidhani ipo.

---

BabaTano_Kakamega

Kocha, nimesoma yote na nakuheshimu, lakini lazima niseme. Mimi nimelelewa na baba aliyekuwa bondia. Watu wa mtaa walimpenda. Nyumbani sisi ndio tulikuwa magunia. Mama yangu ana kovu hapa juu ya jicho mpaka leo. Ukiniambia ngumi zinafundisha mtu kuishi, mwili wangu wenyewe unakataa, hata nikitaka kukubali.

---

KonaYaBuluu

Ndugu yangu, pole. Nimekaa na ujumbe wako tangu jana jioni kabla ya kujibu.

Sitakuambia baba yako hakuwa bondia wa kweli. Inawezekana alikuwa mzuri kuliko mimi. Ngumi hazimpi mtu utu asiokuwa nao. Mtu anaweza kujua kurudisha mkono shavuni mbele ya mpinzani na asijue kuurudisha mbele ya mkewe. Makocha tumejificha sana nyuma ya neno "nidhamu" kana kwamba linakuja pamoja na glavu.

Ninachoweza kukuambia ni ninachofanya. Mtu akija na hasira asubuhi hiyo, hapewi glavu. Anaruka kamba au anatembea na mimi mpaka barabara ya Menengai na kurudi. Glavu ni za mtu aliyetulia. Na miaka miwili iliyopita nilijua kwamba mwanafunzi wangu mmoja anampiga mkewe. Nilimrudishia pesa zake zote na nikamwambia siwezi kuinoa mikono hiyo. Sikumripoti. Nilidhani kumfukuza kunatosha, na leo najua nilipaswa kwenda kwa mzee wa nyumba kumi na kituoni. Nimelibeba.

Wala sifundishi watu waliojeruhiwa hivyo kwamba kamba na gunia vitawaponya. Kuna mahali pa mshauri na pa daktari, na mimi si mmoja wao. Kama mwili wako unakataa, uheshimu. Hiyo pia ni kukaa kwenye goti.

---

BabaTano_Kakamega

Nimekusikia kocha. Ahsante kwa kutonibishia.

---

SistaNjoro

Naomba niingie kama muuguzi. Nawapenda wanamichezo lakini naona uzi huu unaweza kumpeleka kijana mahali pabaya akiusoma haraka.

Hesabu ya nane ni nzuri, lakini aliyepigwa kichwa hahesabiwi nane tu. Sheria za ridhaa zimekuwa zikimzuia bondia aliyepata nokauti ya kichwa asipigane wala kufanya sparingi (pigano la mazoezi) kwa siku 30 kwa uchache, na ikitokea mara ya pili ndani ya muda mfupi kizuizi kinarefushwa. Sababu ni kwamba ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona, madhara huwa makubwa kuliko pigo lenyewe. Kichwa kuuma siku mbili, kutapika, kusahau, kuona taa zinamchoma mtu macho, kulala kupita kiasi: hayo si uchovu wa mazoezi, ni hospitali.

Tusisahau Robert Wangila. Dhahabu ya Seoul 1988, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, na mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kwa ngumi. Mwaka 1994 alikufa Las Vegas baada ya pigano, kwa jeraha la kichwa. Hakuwa amefika hata miaka 30.

Kocha, hao karani na mama mboga, wanapigwa kichwani?

---

KonaYaBuluu

Hapana, Sista. Hata mara moja. Hakuna mwanafunzi wa asubuhi anayepigwa kichwa, na sparingi yao ni ya kugusana mabega na tumbo kwa kiganja kilicho wazi, ili wajifunze kumtazama mtu anayekuja bila kufumba macho. Gunia, kamba, kupigana na kivuli, pedi za kupigia anazoshika kocha. Hayo yanatosha kabisa kwa mtu asiyetaka mashindano. Mwalimu mwenye kisukari anakuja na barua ya daktari wake na anapima sukari kabla hatujaanza.

Na nashukuru umetaja siku 30, kwa sababu nimezichukua nje ya ulingo pia. Mtu aliyepoteza kitu kikubwa, tunakubaliana siku 30 hakopi, hauzi shamba, haoi, hahami mji, hasaini chochote kisicho na tarehe ya lazima. Anafanya kazi yoyote ndogo inayoleta chakula, na anakuja asubuhi kuruka kamba. Vijana wanaona siku 30 ni nyingi. Mimi ningekuwa nazo 2019, yale makoti nisingeyanunua.

---

Mzee_Flamingo

Vijana, mimi ni wa umri wa kumkumbuka Philip Waruinge wetu wa hapa Nakuru. Niseme kidogo kwa sababu wengi humu mnamjua kwa jina tu.

Mexico 1968 alipata shaba. Shaba, si dhahabu. Lakini ile tuzo ya Val Barker, ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika michezo ile ya Olimpiki, walimpa yeye, Mwafrika aliyeshinda shaba, wakiwaacha wenye dhahabu. Miaka minne baadaye kule Munich akafika fainali akashindwa na Mrusi kwa majaji 3 kwa 2. Hebu fikirini. Jaji mmoja tu.

Wakati huo ukumbi wa Madison Square Garden hapa mjini ulikuwa kama kanisa kwetu sisi watoto. Tulichungulia madirishani. Ukitaka kuingia ulianza na ufagio. Mimi nilifagia miezi mitatu kabla ya kuvaa glavu zilizopasuka kidole gumba. Sikuwa bondia wa maana, nikaenda zangu reli. Lakini nilijifunza kufika mapema na kukuta kazi bila kuambiwa, na nilifanya kazi miaka 31 bila barua ya onyo.

Kocha, wanafunzi wako wanafagia?

---

KonaYaBuluu

Shikamoo mzee. Hawafagii. Wanalipa, wanachelewa kazini, nikaona niwaondolee. Umenipa la kufikiria.

---

NyarDunga

Wafagie kocha 🙂 Kwetu wote tunafagia, hata daktari mmoja anayekuja na gari kubwa.

---

NduthiRhonda

Kocha nimerudi baada ya wiki tatu, sikuandika kwa sababu nilitaka kwanza nifanye.

Hali yangu: pikipiki ilichukuliwa na walionikopesha, nilikuwa nimebakiza malipo ya miezi miwili tu. Siku hiyo hiyo jamaa aliniletea nyingine kwa mkopo, akasema nitie sahihi tu. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, wallahi. Nikakumbuka uzi huu nikamwambia nitarudi baada ya siku 30. Alicheka.

Sasa nabebea watu mizigo Wakulima, na jioni naendesha pikipiki ya mwenzangu tunagawana. Leo ni siku ya 19. Kila asubuhi naruka kamba ya katani nyuma ya nyumba, dakika 3 kwa 1, natumia saa ya simu, raundi sita. Daftari ninalo. Nilichokiona kwenye daftari ni kwamba ile pikipiki yangu, nikitoa petroli, service na malipo ya mkopo, ilikuwa inanibakishia kidogo kuliko ninachopata sasa kwa mgongo. Miaka miwili sikujua. Sijui nitafanya nini siku ya 31 lakini sitatia sahihi karatasi ile.

Gharama yako sitaiweza kocha. Nilitaka tu ujue.

---

KonaYaBuluu

Kijana, nimesoma mara tatu na nimemsomea mke wangu.

Gharama tuiache. Nimezungumza na mzee hapo juu kwa ujumbe wa pembeni na amenishawishi: kuanzia Jumatatu ukumbi unafagiliwa na wanafunzi kwa zamu, na nahitaji mtu wa kufungua mlango saa kumi na moja kamili, kumwaga maji, kupanga magunia na kusimamia ufagio. Huyo halipi.

Nimekutumia mahali tulipo. Njoo na taulo na viatu vya kufunga kamba. Bandeji nitakupa, utafunga mwenyewe. Usile kitu kizito kabla, ndizi moja inatosha, na kama utakuwa umebeba magunia Jumapili usiku niambie mapema tusianze na mabega.